Wazee, tuwasikilize watoto wanachosoma, tuisheni peke yake haitoshi

Mhariri, assalamu alaykum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wazee wenzangu wa Pemba na Unguja, khasa wenye watoto wanaofanya mtihani wa Kidato cha Pili na cha Nne. Mie ni mwalimu mstaafu wa sekondari, nimefundisha huku Wete mpaka muda wangu ukafika, na bado watoto wa mtaani wananijia barazani na madaftari yao kila jioni, kwa hivo haya nnayoyasema nayaona kwa macho yangu na yananiuma.

Kila ikikaribia miezi ya mtihani majumba yetu yanabadilika. Mtoto ambae tokea Januari hakuulizwa leo umesoma nini, ghafla anaambiwa asitoke, asicheze mpira, asishike simu, asubuhi tuisheni, jioni tuisheni, Ijumaa baada ya sala tuisheni tena, na usiku akae na kitabu mpaka saa saba na kila anaepita ukumbini anamtupia neno, soma wee, usije ukatutia aibu, mtoto wa fulani mwaka jana kapata divisheni wani. Mzazi akishatoa pesa ya tuisheni anaona kazi yake kaimaliza, iliobaki ni ya mtoto na Mungu wake. Sisemi tuisheni mbaya, walimu wengi wanaofundisha jioni wanajitahidi kweli na wengine hawalipwi hata hicho kidogo walichoahidiwa. Ninachosema ni kwamba mtoto kukaa mbele ya ubao masaa mengi na kunakili, halafu akaja nyumbani kuyakodolea macho yale yale alionakili, hiyo sio kusoma kwa mtihani. Anachoka, anahisi kasoma, na siku ya mtihani hana kitu.

Sasa nauliza, sie watu wa visiwa hivi tumeanza lini kusahau kusomesha? Angalieni mtoto anavohifadhi Qur'ani chuoni. Ustadh anampa aya zake, mtoto anazirudiarudia, na kesho yake anakaa mbele ya ustadh msahafu umefungwa, anasoma kwa kichwa. Akikwama ustadh hamsomei yote, anamdokeza neno moja tu na mtoto mwenyewe anaendelea. Akikosea anarudishwa. Na hapewi mpya mpaka ya jana yamekaa sawa, tena kila siku ana sehemu ya nyuma ya kurejea, ndo hiyo murajaa, kwa sababu kila mtu anajua juzuu isiporejewa inakimbia. Mtoto wa miaka kumi anabeba juzuu kadhaa kwa njia hii. Halafu mtoto huyo huyo tunampa kitabu cha Baiolojia tunamwambia kasome chumbani peke yako, hakuna anaemsikiliza, hakuna anaemuuliza, hakuna murajaa. Tunategemea nini?

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akachapisha matokeo yake mwaka 1885, akaonyesha kwamba kitu ukishakisoma kinakutoka kwa kasi kubwa masaa na siku za mwanzo kabisa, halafu kasi inapungua, na kwamba kusoma kidogo kidogo kwa siku mbali mbali kunashika kuliko kurundika siku moja. Na mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kipande cha maandishi, wengine wakakisoma mara mbili, wengine wakakisoma mara moja tu halafu wakaambiwa waandike wanachokikumbuka bila ya kuangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma mara mbili walikuwa mbele, walikumbuka asilimia 81 na wenzao 75. Lakini walipoulizwa baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliosoma mara mbili wakabaki na asilimia 42 na wale waliojiuliza wenyewe wakawa na 56. Mtihani wa Kidato cha Nne haufanywi baada ya dakika 5 wazee, unaulizwa mambo ya miaka minne, kwa hivo hiyo hesabu ya baada ya wiki ndo ya kuiangalia. Na hiyo dakika 5 ndo inayomdanganya mtoto, kwa sababu akimaliza kusoma mara ya pili anahisi yote yamo kichwani.

Najua nitaambiwa, mwalimu wewe umesoma, mie sijui Kiingereza wala Kemia nitamsikiliza vipi. Nina jirani yangu, mama anaeuza samaki, skuli aliishia msingi tu. Mwanawe alipokuwa Kidato cha Nne kila usiku baada ya Isha alikuwa anamuweka jikoni pale anapoosha vyombo anamwambia haya nipe cha leo, na nieleze kwa Kiswahili nifahamu. Siku moja nilikuwepo. Kijana anamueleza mmea unavojitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua, maji kutoka ardhini na hewa ya kaboni, majani yanatoa oksijeni. Mama kasikiliza mpaka mwisho, kisha kamuuliza, na usiku jua halipo mmea unakula nini? Kijana kanyamaza. Kajaribu kusema mawili matatu yakagongana, mwisho kanyanyuka kaenda kufungua kitabu, karudi anaeleza kwamba chakula cha mchana kinawekwa akiba kwa wanga, usiku mmea unatumia akiba ile, na kwamba mmea unapumua mchana na usiku, ule utengenezaji wa chakula tu ndo unaosita kukiwa na kiza. Basi jambo lile kijana hatolisahau, na mama yake hakuhitaji kujua hata neno moja la Kiingereza. Alihitaji kusikiliza kweli na kuuliza pale asipofahamu. Mtu asiejua somo saa nyingine anauliza masuala mazuri kuliko sie walimu, sie tunarukia mbele kwa sababu tumeshajua jibu.

Na hiki Kiswahili hapa kina kazi yake. Watoto wetu masomo mengi ya msingi wanasoma kwa Kiswahili, wakiingia Kidato cha Kwanza karibu kila kitu kinakuwa Kiingereza, na mtihani wa Kidato cha Nne wanajibu kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili na masomo machache. Wengi wanaponea kwa kukariri. Anahifadhi maana ya neno kama ilivo kitabuni, koma na nukta, bila kujua inasema nini, mtungaji akiligeuza suala kidogo tu mtoto hajui ameulizwa nini. Sio maneno yangu, someni zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, wanazitoa kwa kila somo, zipo bure kwenye tovuti yao, karibu kila ripoti utakuta watahiniwa hawakufahamu suala linataka nini na Kiingereza kimewashinda. Mtoto kwanza afahamu jambo kwa lugha anayoiota, akishalieleza kwa Kiswahili likanyooka, hapo hapo achukue kalamu aliandike kwa Kiingereza chake, sentensi fupi fupi, bila kuangalia daftari. Kisha afungue asahihishe. Hivo ndo mambo mawili yanashikana, kufahamu na kuandika. Hizo ripoti nazo ni mali, zinaonyesha jibu zuri lilikuwaje na jibu baya lilikuwaje, kwa maandishi ya watahiniwa wenyewe, mwenye simu amfungulie mtoto, ni bora kuliko baadhi ya vitabu vya maswali na majibu vinavouzwa huku mitaani vimejaa makosa.

Past pepa, yaani pepa za mitihani iliopita, pia wazifanye, lakini zifanywe kama mtihani. Naona watoto wanakaa kikundi, mmoja anasoma suala mwengine anatafuta jibu kwenye daftari wote wanaandika, wanafurahi wamemaliza pepa nzima. Hiyo ni kunakili kwa jamaa. Mitihani mingi ya Kidato cha Nne ni masaa 3, yaani dakika 180 kwa maksi 100, ukipiga hesabu kila maksi haifiki dakika mbili. Mtoto anaetumia dakika 50 kwa insha ya maksi 15 kwa sababu anaijua vizuri anajiua mwenyewe, masuala ya mwisho hatoyagusa. Hili halifundishwi kwa maneno, mtoto lazima akae mezani siku za Jumamosi, simu iko kwa mama, saa iko mbele yake, wadogo zake wamepelekwa kwa bibi, akafanya pepa nzima masaa 3 peke yake. Mara ya mwanzo atalia. Ya pili ya tatu mwili unazoea, na ile khofu ya chumba cha mtihani inapungua kwa sababu tayari ashakaa nayo nyumbani.

Jengine ambalo wazee wengi hatulijui ni hesabu ya madaraja, na tungelijua tusingewagombeza watoto ovyo. NECTA kwa Kidato cha Nne A ni 75 mpaka 100, B ni 65 mpaka 74, C ni 45 mpaka 64, D ni 30 mpaka 44, chini ya 30 ni F. Kila daraja lina pointi zake, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, wanachukua masomo 7 aliofanya vizuri zaidi wanajumlisha. Pointi 7 mpaka 17 divisheni wani, 18 mpaka 21 ya pili, 22 mpaka 25 ya tatu, 26 mpaka 33 ya nne. Sasa chukueni mtoto mwenye C mbili na D tano, ni pointi 26, divisheni ya nne. Somo moja tu katika zile D likipanda kuwa C anakuwa na 25, divisheni ya tatu. Na saa nyingine somo lile lilikuwa na maksi 42 au 43. Maksi mbili tatu. Ndo maana nasema tukae na mtoto na matokeo yake ya mock, yaani mtihani wa majaribio, somo kwa somo, tuangalie lipi liko karibu na kuvuka, badala ya kumwambia kwa jumla wewe mvivu, ongeza juhudi. Juhudi ziende wapi? Mtoto mwenye 27 ya Hesabu akielekezwa mada mbili anazoziweza akazishika vizuri anavuka 30, na mtoto huyo huyo ukimwambia asome Hesabu zote kuanzia Kidato cha Kwanza ndani ya wiki tatu atalitupa somo zima.

Wa Kidato cha Pili mtihani wao unatoka Baraza la Mitihani la Zanzibar, lakini njia ya kujiandaa ni hii hii, na kwao iko nafasi zaidi kwa sababu bado mapema.

Nije kwenye kazi za nyumbani. Huku Pemba msimu wa karafuu ukiwa mzuri unagongana na mtihani, na karafuu haingoji mtu, ikishachanua thamani imekwisha. Sitowaambia wazee wasiwachukue watoto shamba, najua karafuu ndo ada ya skuli na ndo nguo ya Sikukuu, na mwenye mikarafuu mitatu hana uwezo wa kuajiri wachumaji. Lakini mtoto wa Kidato cha Nne anaerudi shamba magharibi halafu akawekwa kwenye jamvi kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka saa nne usiku, huyo kesho darasani analala. Akubaliwe saa zake, zijulikane na nyumba nzima, labda kutoka baada ya Alfajiri mpaka wakati wa kwenda skuli na kingine kidogo baada ya Isha, na katika saa hizo asiitwe. Asitumwe dukani, asiambiwe hebu mshike mtoto. Vijana wanaofata dago, kambi ya uvuvi, na baba zao na wao hivo hivo, miezi miwili ya mwisho baba atafute mtu mwengine wa kumsaidia.

Na hapa nataka niseme kwa nguvu juu ya watoto wa kike. Kaka akiwa na mtihani nyumba inanyamaza, anapikiwa, anafuliwa. Dada akiwa na mtihani ule ule anachota maji, anapika, anakosha, anamlaza mdogo wake, na wote wakishalala ndo anafungua daftari, halafu akipata D tunasema mtoto wa kike hana akili ya sayansi. Miaka yote nilofundisha niliona wasichana wenye akili kali wakichoka tu. Mitihani ni ya wiki chache, kaka zake wana mikono, wakoshe vyombo. Akina mama pia tuzihesabu siku za mabinti zetu, kama damu itaangukia wiki ya mtihani awe na pedi za kutosha kwenye mkoba na kama huwa anaumwa sana apelekwe kituo cha afya mapema apewe dawa, sio asubuhi ya mtihani anajikunja tumbo na sisi tunamwambia jikaze.

Usingizi ndo unaodharauliwa kuliko yote. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10 ya kulala, na anapolala ndo akili inapanga kilichosomwa mchana. Siku hizi wananunua zile kopo za eneji, wengine kahawa tungu, wanajisifu wamekesha. Anaekesha wiki nzima anaingia mtihani kichwa kizito, suala analolijua analisoma mara tatu halimuingii. Mkimuona mwanenu saa tano usiku bado yuko juu ya kitabu na macho mekundu msimsifu, mfungieni kitabu, mwambieni alale, tutaamshana Alfajiri. Wazee wetu walikuwa wakisoma Alfajiri na walikuwa na sababu, kichwa kimepumzika na mtaa uko kimya. Usiku wa kuamkia mtihani asisome kitu kipya kabisa. Apitie vichwa vya habari, atayarishe kalamu, rula, kitambulisho cha mtihani, nguo zipigwe pasi, ale chakula anachokizoea, basi. Na jirani mwenye harusi wiki ile, tafadhali, ile muziki izimwe saa za watu.

Asubuhi yake anywe chai na muhogo au boflo, chochote ila asiende na njaa. Aondoke nyumbani mapema, akichelewa zaidi ya nusu saa haruhusiwi kuingia, na gari zetu za shamba tunazijua, zinangoja zijae. Simu ibaki nyumbani, hata ikiwa imezimwa, kukutwa nayo tu ndani ya chumba ni kesi na matokeo yanaweza kufutwa yote. Na mzazi akisikia mtu anauza pepa, eti imevuja, naomba kwa jina la Mungu asitoe hata senti. Nyingi ni za uongo, na hata ikiwa ya kweli unamfundisha mtoto wizi kwa mkono wako na ukimuweka kwenye hatari ya kufutiwa mtihani aliousomea miaka minne.

Khofu nayo ipo na sio ujinga wala sio shetani. Kuna watoto wazuri kabisa darasani wakikabidhiwa karatasi mikono inatetemeka, tumbo linakata, wanahisi kila kitu kimefutika. Mwambieni mapema kwamba hilo likimtokea ajue ni mwili tu umeshtuka na utapoa. Aweke kalamu chini, avute pumzi taratibu, aitoe taratibu zaidi, arudie mara kadhaa huku akisoma Rabbi shrah li sadri, dua ya Nabii Musa iliomo Surat Taha, halafu apitie karatasi yote aanze na suala analoliweza hata likiwa la mwisho. Akishajibu moja kichwa kinafunguka. Dua, kisomo na kombe, yale maji yalioshiwa aya za Qur'ani zilizoandikwa, tunalowanywesha watoto wetu vyote viendelee, mtoto anahisi nyumba nzima iko nae na hilo peke yake linampa nguvu. Ila kombe linywewe na mtoto aliesikilizwa usiku, sio badala yake.

Wengi khofu yao haitokani na mtihani hasa. Nimewauliza wanafunzi wengi wanaogopa nini, na jibu lililorudi mara nyingi ni baba atasema nini, ami atasema nini, watu watasema nini. Mtoto wa miaka 17 anaingia chumba cha mtihani amebeba heshima ya ukoo mzima mabegani. Matokeo siku hizi yanatoka mtandaoni na namba ya mtihani haifichiki mtaani, saa moja tu ashajua mpaka shangazi alioko Muscat, simu zinaanza kulia, fulani kapata ngapi, wa kwenu je. NECTA wenyewe kuanzia matokeo yaliotoka Januari 2023 wameacha kutangaza skuli kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Baraza la taifa limeacha, sie majumbani bado tunapanga watoto foleni, wa kwanza nani wa mwisho nani. Ndugu wawili waliotoka tumbo moja mmoja anaitwa daktari mwengine anaitwa mchunga ng'ombe, mbele ya wageni. Huyo wa pili atasoma kwa moyo gani?

Naziomba na kamati za skuli jambo moja. Mikutano ya wazazi inaitwa matokeo yakishatoka mabaya, tunakaa tunalaumiana, walimu wanalaumu wazee wazee wanalaumu walimu. Iitwe miezi mitatu kabla. Walimu watueleze mtihani ukoje, madaraja yanahesabiwaje, kila mzazi aondoke na ratiba ya mtihani ya mwanawe akaibandike ukutani. Na baba waje, sio akina mama peke yao kila siku.

Na matokeo yakitoka yakawa mabaya, wiki ile ya mwanzo msimuache peke yake kijana wenu, asilale peke yake chumbani, asiitwe mbele ya watu, khasa akiwa hasemi wala hali. Wageni wakiuliza waambiwe tutazungumza baadae. Akishatulia kaeni nae na karatasi ya matokeo. Anaetaka kurejea masomo aliofeli anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, uandikishaji unafunguliwa mwanzo wa mwaka na ukichelewa unalipa zaidi, kwa hivo msiache mpaka hasira za baba zikaisha mwezi wa nne. Anaetaka kazi ya mikono vipo vituo vya Mafunzo ya Amali, huku kwetu kuna Vitongoji na Daya Mtambwe, kuna umeme, useremala, ushoni na mengine, muulizeni yeye anataka nini na mwende pamoja mkaone. Na anaerejea mtihani anze usiku ule ule kusikilizwa, somo moja moja.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.